Mzimu Hutokea Pale Mahakama Ilipofungwa

Swali: Mtaalamu, ninafundisha fasihi, na mwaka huu ninaandaa pamoja na wanafunzi wangu onyesho la Hamlet, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mwana wa mfalme wa Denmark. Vitabu vingi vya mwongozo vinasema shujaa wa tanzia huangamizwa na dosari iliyo katika tabia yake, na kwamba dosari ya Hamlet ni kusitasita. Wanafunzi wangu hawakubali. Wanauliza: kama angemuua Claudius, ami yake aliyemuua baba yake, akatwaa ufalme na kumwoa mama yake, usiku ule ule alioagizwa na mzimu wa baba yake, je, mambo yangekuwa mema? Na mzimu wenyewe una kazi gani katika tamthilia? Ni wa kweli, au ni mawazo ya kijana aliyefiwa? Mwisho, tuuonyeshe jukwaani au watazamaji wasikie sauti yake tu?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameshika jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nami nasimama upande wao. Hamlet haangamii kwa sababu amechelewa. Anaangamia kwa sababu amekabidhiwa kazi isiyobebeka na mtu mmoja: awe mlalamikaji, shahidi, hakimu na mnyongaji kwa wakati mmoja, katika nchi ambayo kiti cha hukumu kimekaliwa na muuaji mwenyewe. Aliyemkabidhi kazi hiyo ni mzimu, na ndiyo maana swali la dosari haliwezi kujibiwa mbali na swali la mzimu. Mizimu mingi mikubwa ya tamthilia za kale hutokea pale ambapo damu imemwagika na hakuna mahali pa kuishtakia. Pakipatikana mahali, hata kama ni kwa shida, mzimu huondoka na tanzia hubadilisha mwelekeo.

Nianze na dosari, kwa kifupi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake kuhusu ushairi, hakudai kwamba kila shujaa wa tanzia ana kasoro moja ya tabia. Alisema kwamba mtu anayefaa kwa tanzia si mwema kupita wengine wote wala si mwovu, na kwamba huanguka kutoka katika hali njema kwa sababu ya kosa kubwa. Mfano aliourudia mara kwa mara ni Oedipus, aliyemuua mzee mmoja njia panda bila kujua kwamba huyo ndiye baba yake mzazi. Msingi wa kosa hilo ni kutojua. Ama picha ya Hamlet kama msomi aliyelemewa na mawazo yake, hiyo ilienea mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia wasomaji mashuhuri kama Goethe na Coleridge, nayo imedumu kwa sababu ni rahisi kuikariri. Lakini ukiyatazama matendo yake, picha hiyo haisimami. Hamlet anamchoma Polonius, mshauri wa mfalme, kwa upanga kupitia pazia bila kulifunua aone ni nani aliye nyuma yake. Anabadilisha barua na kuwapeleka rafiki zake wa zamani, Rosencrantz na Guildenstern, kwenye kifo chao Uingereza. Anarukia merikebu ya maharamia peke yake. Mkono wake ni mwepesi, tena mwepesi wa kutisha. Huwa mzito mbele ya mtu mmoja tu, naye ni Claudius.

Kwa nini? Historia ya hadithi yenyewe inatusaidia sana hapa. Mwanahistoria wa Denmark, Saxo Grammaticus, aliyeandika kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, alisimulia habari za kijana aitwaye Amleth, na katika masimulizi yake mzimu haumtokei kijana huyo kumwagiza chochote. Hauhitajiki. Feng, ami wa Amleth, anamuua ndugu yake, baba wa Amleth, waziwazi, kisha anajitetea kwamba alitaka kumwokoa mke wa marehemu kutoka kwa mume mkatili. Nchi nzima inajua nani amemuua nani. Amleth anajifanya mwendawazimu ili aachwe hai, anangoja, anawalewesha watu wa ikulu, anaitia moto nyumba, anamuua ami yake, kisha anasimama mbele ya watu na kuwaeleza kwa hotuba ndefu sababu za alichokifanya, nao wanamtawaza. Baadaye sana anafia vitani, lakini kisasi chenyewe kilifanikiwa, na kilielezwa mchana, mbele ya umma uliokuwa tayari na ushahidi.

Mfaransa François de Belleforest aliisimulia tena hadithi hiyo mwaka 1570, mauaji yakiwa bado ya wazi. Kisha kunako mwaka 1596 mwandishi wa London, Thomas Lodge, anataja mzimu uliokuwa ukilia katika jumba la maonyesho, “Hamlet, lipa kisasi!” Tamthilia aliyoitaja imepotea, lakini ni dhahiri kwamba mzimu ulikuwa umekwisha kuingia katika hadithi kabla ya Shakespeare kuandika yake karibu na mwaka 1600. Katika hii tuliyo nayo, mauaji si ya wazi tena. Mfalme amelala bustanini mchana, ndugu yake anamimina sumu sikioni mwake, na nchi inaambiwa kwamba aliumwa na nyoka. Waliokuwepo ni wawili, muuaji na aliyeuawa. Muuaji hatasema. Basi ikiwa ushahidi utapatikana, itabidi utoke kwa marehemu.

Hapo ndipo linapopatikana jibu la swali la wanafunzi wako kuhusu usiku ule. Wawazie Hamlet akitoka kwenye ngome kabla ya alfajiri, akaingia chumbani kwa Claudius na kumuua, kisha akatoka na upanga wenye damu. Atawaambia nini watu wa Denmark? Kwamba mzimu wa baba yake umemweleza, yeye peke yake, mahali ambapo hata rafiki yake Horatio hakuyasikia maneno? Wangeona mwana wa mfalme aliyekikosa kiti akimuua mfalme aliyechaguliwa na kuvikwa taji kihalali. Amleth wa Saxo alikuwa na hotuba ya kuwapa watu. Hamlet hana. Ndiyo sababu anawaleta waigizaji na kuwapa tamthilia inayofanana na mauaji yale, ili uso wa Claudius utoe ushahidi ambao watu wengine wanaweza kuuona, na ndiyo sababu anamwomba Horatio naye amkazie macho mfalme. Nasikitika ninaposoma kwamba hatua hiyo ni mbinu ya mtu anayetafuta kisingizio. Ni kazi ya upelelezi wa mauaji yale, na katika tamthilia nzima hakuna mtu mwingine anayeifanya.

Tazama pia jambo ambalo watazamaji wengi hulikosa katika onyesho la kwanza. Horatio, msomi aliyetoka Wittenberg, anapokutana na mzimu anauhoji kwa utaratibu. Anauuliza kama kuna jema linaloweza kutendwa ili upate nafuu. Anauuliza kama unajua hatari inayoikabili nchi. Anauuliza kama ulizika hazina iliyopatikana kwa dhuluma. Hizo ndizo sababu anazozijua za wafu kutembea usiku. Kisasi hakimo katika orodha yake. Mzimu haumjibu, unaondoka jogoo anapowika, na hausemi neno mpaka unapokuwa na mwana wa marehemu faraghani. Unachomwambia kijana huyo ni mzigo wa amri zinazogongana: alipe kisasi cha mauaji machafu, asiichafue akili yake, asimdhuru mama yake, amwachie mbingu amhukumu. Kisha unasema, “Nikumbuke.” Ni vigumu mno kumuua mume wa pili wa mama yako bila kumdhuru mama yako, na ni vigumu zaidi kuua kwa siri huku akili ikibaki safi. Amri yenyewe ndiyo mtego, na shujaa amenaswa kabla hajafanya kosa lolote.

Francis Bacon, ambaye alikuwa mwanasheria na akafika hadi kuwa Mwanasheria Mkuu na baadaye Lodi Chansela wa Uingereza, aliandika katika insha yake kuhusu kisasi, iliyochapwa mwaka 1625, kwamba kisasi ni aina ya haki ya mwituni, na kadiri maumbile ya binadamu yanavyokikimbilia ndivyo sheria inavyopaswa kuking’oa. Hata hivyo aliongeza kwamba kisasi kinachovumilika kuliko vingine ni kile cha makosa ambayo hakuna sheria ya kuyatibu. Watunzi wa tamthilia wa zama zake walijenga nyumba zao juu ya ufa huo huo.

Mfano mkali kuliko wote ni wa Thomas Kyd, katika Tanzia ya Kihispania iliyoigizwa London katika miaka ya 1580 au karibu na hapo. Mhusika wake mkuu, Hieronimo, ni hakimu wa ikulu. Kazi yake ni kusikiliza mashtaka ya watu. Mwanawe, ambaye naye anaitwa Horatio, anachomwa visu na kutundikwa bustanini, na mmoja wa wauaji ni mpwa wa mfalme. Kila Hieronimo anapojaribu kulifikisha jambo hilo kwa mfalme, mpwa huyo yupo mlangoni kumzuia. Kisha wanakuja raia na hati zao, wakimwomba hakimu awatetee, na miongoni mwao yumo mzee Bazulto ambaye mtoto wake pia ameuawa. Hieronimo anazirarua hati hizo kwa meno. Akimtazama mzee yule aliye hai, anadhani ni mwanawe aliyerudi kutoka kuzimu kuomba haki katika dunia ya juu. Sijui mahali pengine katika tamthilia za Ulaya panapoonyesha kwa uwazi namna hii kinachotokea haki inapozibwa: hakimu anageuka mtu wa kurarua sheria, na mlalamikaji aliye hai anageuka mzimu machoni pake. Anapolipa kisasi hatimaye, kupitia mchezo ndani ya mchezo, wanakufa wenye hatia na wasio na hatia, naye anajing’ata ulimi asihojiwe.

Juu ya hayo yote ameketi mzimu wa Andrea, askari aliyeuawa vitani, pamoja na Kisasi mwenyewe akiwa mhusika. Wanatazama kama sisi tunavyotazama. Kisasi anasinzia, Andrea anapiga kelele kumwamsha. Mwishoni anahesabu waliokufa, wakiwemo rafiki yake na mwanamke aliyempenda, kisha anasema kwamba hayo yalikuwa maonyesho ya kuiburudisha nafsi yake. Mzimu umeridhika, walio hai wote waliousaidia wamekwisha. Ni vyema wanafunzi wako waisome sehemu hiyo kabla ya kuamua kwamba mzimu wa baba daima husema kwa niaba ya haki.

Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza ambaye kazi zake zilisomwa sana Uingereza katika karne ya 16, alikuwa amekwisha kuonyesha upande huu wa giza. Thyestes inaanza na mzimu wa Tantalus, ambaye hataki kurudi duniani. Anasema atasimama kuwazuia wajukuu wake wasitende uovu. Mmoja wa miungu wa kike wa kisasi anamtesa kwa njaa na kiu mpaka anakubali kuingia nyumbani mwao, na anapoingia nyumba inaambukizwa. Hapo mzimu hauleti habari wala ushahidi, unaleta ugonjwa.

Lakini kuna njia nyingine, na Wagiriki waliionyesha mapema. Mwaka 458 kabla ya Kristo, Aeschylus alitoa Athens tamthilia tatu zinazofuatana kuhusu ukoo wa Agamemnon. Clytemnestra anamuua mumewe Agamemnon. Mwana wao Orestes anamuua mama yake kulipa kisasi cha baba. Katika tamthilia ya tatu mzimu wa Clytemnestra unawatokea miungu wa kisasi waliolala usingizi, unawakaripia kwa kulala, unawaonyesha majeraha yake, unawataka wamwinde mwanawe. Wanaamka, wanamfukuza hadi Athens. Hapo mungu Athena anaanzisha baraza la kusikiliza kesi za mauaji kwenye kilima cha Areopago. Pande zote mbili zinasema, kura zinapigwa, zinalingana, Orestes anaachiliwa. Miaka michache tu kabla ya onyesho hilo, baraza halisi la Areopago lilikuwa limepunguziwa madaraka yake ya kisiasa, likabakiwa zaidi na kesi za mauaji, hivyo watazamaji walikuwa wakiona jukwaani chombo walichokijua. Angalia mahali ulipo mzimu wakati wa kesi: haupo. Ulipozungumza na waliolala ulikuwa na nguvu. Kesi ilipofunguliwa, wasemaji ni walio hai na miungu, na Clytemnestra hasikiki tena.

China ilikuwa na jibu linalofanana, na kwa maoni yangu lina uchungu zaidi. Guan Hanqing, mtunzi wa karne ya 13 wakati wa utawala wa Wamongoli, aliandika tamthilia ya mjane kijana aitwaye Dou E. Baba yake, msomi maskini, alimtoa akiwa na miaka saba kwa mwanamke aliyekuwa akimdai, naye akaenda kufanya mitihani ya serikali. Miaka mingi baadaye mtu mwovu aitwaye Zhang anatia sumu katika mchuzi ili amuue mama mkwe wa Dou E, lakini mchuzi unanywewa na baba wa Zhang mwenyewe. Dou E anasingiziwa. Anapigwa, hakiri, hakimu anapotaka kumpiga mama mkwe wake mzee, anakiri ili kumwokoa. Kabla ya kukatwa kichwa anatabiri kwamba damu yake itapanda juu kwenye kitambaa cheupe badala ya kumwagika chini, theluji itaanguka katikati ya kiangazi, na ukame utadumu miaka mitatu. Yote yanatokea.

Baada ya miaka hiyo mitatu baba yake anarudi akiwa afisa mkubwa mwenye mamlaka ya kukagua hukumu. Usiku anasoma majalada chini ya taa. La kwanza analolishika ni la binti yake, ingawa hajui kuwa ni yeye. Anaona kesi imekwisha, analiweka chini ya mengine. Taa inafifia. Anapoinuka kuirekebisha, mzimu unalirudisha jalada juu. Analisukuma tena chini, linarudi tena juu. Mzimu huu haumwagizi baba amchome mtu upanga gizani. Unamtaka asome jalada. Na kesho yake kesi inafunguliwa rasmi, wahusika wanaletwa, Dou E anaingia barazani kukabiliana na Zhang ana kwa ana, muuaji anahukumiwa kufa, na hakimu aliyemtesa anaadhibiwa na kufukuzwa kazi. Bado ni tanzia, kwa kuwa msichana amekufa na hakuna jalada litakalomfufua. Lakini baba haangamii, kwa sababu alichoombwa na mzimu kilikuwa ndani ya mamlaka yake.

Hilo ndilo ninalopenda uwape wanafunzi wako kama swali la kuulizia kila mzimu wanaokutana nao: unataka nini, na je, huyo unayemwomba anayo mamlaka ya kukitoa? Mzimu wa Dou E unamwomba mkaguzi ukaguzi. Katika tamthilia ya Kijapani ya Zeami kuhusu Atsumori, kijana aliyeuawa katika vita vya mwaka 1184, mzimu unamkuta adui aliyemuua akiwa sasa mtawa, unainua upanga, kisha unauacha na kumwomba dua. Na dua ndiyo kazi ya mtawa. Katika Tanzia ya Mkana Mungu, iliyochapwa London mwaka 1611, mzimu wa baba unamwambia mwanawe avumilie na kumwachia Mungu kisasi, mwana anatii, naye anaishi. Muuaji anainua shoka amkate kijana kichwa, akajipasua bongo mwenyewe. Mwisho huo una ulegevu wa kisanaa, sitauficha, lakini mantiki yake ni ile ile.

Hamlet anaombwa kitu kisicho ndani ya mamlaka yake, na hili linaeleza ile sehemu ambayo vitabu vya mwongozo huitegemea kuliko zote. Anamkuta Claudius amepiga magoti akisali, anauchomoa upanga, kisha anaurudisha, akisema kwamba akimuua akiwa katika sala atampeleka mbinguni. Msomaji wa haraka anaona kusitasita. Mimi naona jambo baya zaidi. Kijana aliyeanza kwa kutafuta ushahidi sasa anataka kuamua hatima ya roho baada ya kifo, hukumu ambayo hakuna mahakama ya binadamu iliyowahi kuidai. Shakespeare anaonyesha papo hapo alivyokosea kwa kutojua, kama Oedipus: mara Hamlet anapoondoka, Claudius anainuka na kukiri kwamba maneno yake yalipaa lakini mawazo yake yalibaki chini. Hakuwa amesali kitu. Dakika chache baadaye Hamlet anamuua mtu asiyemwona, na kuanzia hapo yeye mwenyewe ni muuaji wa baba wa mtu mwingine.

Mwana wa Polonius, Laertes, ndiye jibu la pili kwa wanafunzi wako. Wanataka kuona mlipa kisasi asiyechelewa? Yumo humo humo. Anavunja mlango wa ikulu akiwa na kundi la watu, anasema yuko tayari kumkata Hamlet koo hata kanisani, na kabla jua halijachwea amegeuzwa chombo cha Claudius, akiupaka upanga wake sumu. Wa tatu ni Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norwei, ambaye baba yake aliuawa na baba wa Hamlet katika pambano la halali lenye mapatano yaliyotiwa muhuri. Anakusanya jeshi, anakemewa na ami yake, anaapa kuacha, na mwisho wa tamthilia yeye ndiye anayeirithi Denmark.

Ni lini basi mkono wa Hamlet unakuwa mwepesi mbele ya Claudius? Mama yake ameanguka kwa sumu. Laertes, akiwa anakufa, anatamka mbele ya baraza zima kwamba mfalme ndiye mwenye hatia. Huo ni ushahidi wa kwanza wa hadharani katika tamthilia nzima, kutoka kinywani mwa mtu aliye hai. Hamlet anapiga papo hapo. Na hata hapo watu wote wanapaza sauti, “Uhaini! Uhaini!” Ikiwa walipiga kelele hizo baada ya kusikia maungamo ya Laertes, wangesema nini usiku ule wa kwanza? Ndiyo maana Hamlet anayekufa anamnyang’anya Horatio kikombe cha sumu na kumwomba aishi, awaeleze watu sababu yake. Mzimu hautaji wala haukumbuki. Anachokitaka ni shahidi.

Kuhusu kama mzimu ni wa kweli, tenganisha aina mbili. Mzimu wa Banquo, aliyeuawa kwa amri ya Macbeth katika tamthilia ya Macbeth, unaonekana na Macbeth tu, hausemi neno, unakaa kwenye kiti cha Macbeth mezani. Huo ni wa muuaji, na mtu anaweza kuueleza kuwa ni dhamiri yake. Mzimu wa Kaizari, ambao wasomaji wa Kiswahili wameujua tangu tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka kwanza mwaka 1963, unamtokea Brutus, mmoja wa waliomuua, peke yake hemani. Lakini mzimu wa baba wa Hamlet unaonekana na walinzi wawili na msomi aliyekuja akiwa haamini, kabla Hamlet hajajua lolote. Hauwezi kuwa mawazo yake. Kinachobaki na shaka ni umetoka wapi. Unadai unateswa motoni mpaka dhambi zake ziunguzwe, yaani toharani, ilhali Kanisa la Uingereza lilikuwa limeikataa toharani rasmi, na kitabu cha mchungaji wa Zürich, Ludwig Lavater, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1572, kilionya kwamba wengi wa wanaodhaniwa kuwa wafu ni mashetani. Hamlet anaposema kwamba huenda aliyemwona ni ibilisi, anasema lile ambalo mtu mwenye elimu wa wakati huo alitakiwa kulisema.

Riwaya iliendelea na swali hili hadi karne ya 19, nami nitataja moja tu. Katika Wuthering Heights ya Emily Brontë, ya mwaka 1847, Heathcliff hahitaji mzimu kumwagiza kisasi. Anacho tayari, na anakitekeleza kwa rehani, ndoa na urithi, mpaka mashamba yote mawili ya maadui zake yanakuwa yake kisheria. Yeye ndiye anayeuomba mzimu wa Catherine, mwanamke aliyempenda, miaka na miaka, umsumbue. Unapokaribia hatimaye, anagundua kwamba amepoteza hamu ya kupiga: maadui wamebaki watoto wao tu, nafasi anayo, na mkono hauinuki. Ni mzimu unaoondoa kisasi badala ya kukileta.

Sasa jukwaa. Uonyesheni mzimu. Mwaka 1980, katika ukumbi wa Royal Court huko London, Jonathan Pryce aliyeigiza Hamlet aliutoa mzimu kwa sauti kutoka mwilini mwake mwenyewe, na uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri. Lakini unadai kuachana na ushahidi wa walinzi, na pamoja nao inaondoka hoja yote niliyokueleza. Walinzi waupige kwa mikuki na mikuki ipite hewani. Uvae silaha kamili za vita katika maonyesho ya mwanzo, kama maandishi yanavyotaka. Katika chumba cha mama, chapa ya mwaka 1603 inasema unaingia ukiwa na vazi la kulalia, nami ningeifuata, kwa sababu hapo anarudi mume na si mfalme. Watazamaji wauone, Gertrude, mama huyo, asiuone. Mwelekeze mwigizaji wa Gertrude amtazame mwanawe na si mahali anapoelekeza kidole, la sivyo watu watadhani anaficha. Na mzimu unapolia “Apeni!” kutoka chini ya ardhi, sauti itoke kweli chini ya jukwaa; kama jukwaa lenu halina uwazi chini yake, mwigizaji alale nyuma ya ngazi za mbele na ahame kila Hamlet anapohama, maana Hamlet na wenzake wawili wanaoapa wanahama mahali kwa mahali na sauti inawafuata.